Je, algorithimu "huboresha mitambo"?

Swali: Ninatafsiri makala kuhusu namna kompyuta inavyotumia algorithimu (hatua za kukokotoa jibu) kupanga mahali pa kuweka rada na makombora ya kulinda anga. Nimeandika: "Algorithimu za bumba huboresha mitambo ya ulinzi wa anga." Mhariri amekataa "bumba" na "huboresha". Kosa liko wapi?

Jibu: Mhariri yuko sahihi, na kosa kubwa ni "huboresha". Ukiboresha mtambo umeugusa wenyewe: rada sasa inaona mbali zaidi, kombora linaruka kwa kasi zaidi. Hapa rada ni ileile. Kinachobadilika ni mahali iliposimikwa. Andika "husaka mpangilio bora wa mitambo". Na usichanganye upangaji na mpangilio. Upangaji ni kazi yenyewe. Mpangilio ni kile kinachopatikana kazi ikiisha.

"Bumba", kwa maana ya "swarm" ya Kiingereza, ni neno tamu, ila ni la nyuki walioshikamana tawini. Algorithimu ya watafiti James Kennedy na Russell Eberhart ya mwaka 1995 iliiga ndege na samaki wanaokwenda pamoja, kwa hiyo "algorithimu ya kundi la chembe" inatosha. Ile ya Marco Dorigo, ya 1992, huiga sisimizi wanaoachiana harufu njiani: "algorithimu ya sisimizi". Hata zile za nyuki huiga nyuki wanaotafuta chakula, si walioning'inia.

Kuwa makini zaidi na "chembe". Watafsiri wengi huandika kana kwamba chembe moja ni mtambo mmoja. Sivyo. Ukiwa na rada 10, na kila rada ina namba mbili za kuonyesha mahali pake kwenye ramani, chembe moja ni namba 20, yaani mpangilio mzima. "Chembe 30" basi ni mipangilio 30 inayoshindanishwa, si rada 30. Kila chembe hukumbuka mpangilio bora iliowahi kuufikia, ikavutwa kuelekea huo na pia kuelekea ule bora wa kundi zima.

Mvuto wa kundi ukizidi, chembe zote hurundikana kwenye mpangilio mmoja mapema mno, hata kama si mzuri: labda ndani yake rada mbili zinatazama bonde lilelile, nyuma ya mlima hakuna inayoona. Kuiita hali hiyo "muunganiko wa mapema" kunampotosha msomaji, atadhani ni mafanikio. Sema "kukwama mapema".

Sentensi yako iwe: "Algorithimu za kundi husaka mpangilio bora wa mitambo ya ulinzi wa anga."