Kabla ya Kutafsiri Jina la Mdudu, Tazama Vipapasio Vyake

Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipokuwa wakishambulia mashamba nchini Kenya na Uganda, nilipewa kazi ya kutafsiri kijarida cha wakulima kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Neno lililojirudia kila ukurasa lilikuwa criquet. Kwa kuwa nilijifunza Kiingereza miaka mingi kabla ya Kifaransa, nililisoma kwa sikio la Kiingereza, ambako neno linalofanana nalo humtaja nyenje, nami nikaandika "nyenje" mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja mkulima, aliyeombwa kuipitia rasimu kabla haijachapishwa, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, nyenje namjua, hulia usiku pembeni mwa nyumba. Huyu anayemaliza mtama kwa asubuhi moja ni nani?"

Swali lile lilinifundisha jambo ambalo namsihi kila mfasiri alizingatie: anza na mdudu mwenyewe, kisha ndipo uende kwenye kamusi. Kifaransa hugawa kundi hili kwa kufuata umbo. Mwenye vipapasio vifupi ni criquet, mwenye vipapasio virefu na vyembamba kama nywele ni sauterelle, na nyenje ana jina lake, grillon. Kiswahili kinafuata mwenendo: nzige huja kwa makundi na kuangamiza mazao, ilhali panzi hurukaruka peke yake majanini. Kwa hiyo criquet anaweza kuwa nzige au panzi, na ni habari nzima inayoamua, si neno peke yake.

Senene anahitaji uangalifu zaidi. Vipapasio vyake virefu vinamweka upande wa sauterelle, lakini mtu wa Bukoba ukimwambia kwamba anakula panzi utakuwa umemvunjia heshima, maana kwake senene ni kitoweo, ni zawadi, ni msimu unaosubiriwa. Waganda humwita nsenene, mwezi wa Novemba wakauita Musenene, na wanao ukoo wenye jina hilo ambao mwiko wake ni kumla mdudu huyo. Jina lenye uzito kama huo liache lilivyo, kisha ueleze kwa sentensi moja kwamba ni jamii ya panzi wenye vipapasio virefu wanaoliwa.

Kosa jingine ninalokutana nalo mara kwa mara linamhusu kumbikumbi. Waingereza wengi humwita kwa maneno yenye maana ya sisimizi anayeruka, na mfasiri mwenye haraka huandika "sisimizi wenye mabawa." Siku mvua inapokatika na kumbikumbi wakajaa chini ya taa, mwokote mmoja umweke kiganjani. Hana kiuno chembamba kama cha sisimizi. Mwili wake umenyooka, mabawa yake manne yanalingana urefu, na ukimgusa kidogo tu mabawa hayo hubaki mkononi mwako. Huyo ni mchwa aliyetoka kichuguuni kutafuta mwenzi.

Kwa mbung'o, anayeeneza malale, kazi ni nyepesi: Kiingereza na Kifaransa vyote vimechukua jina tsetse kutoka Kitswana, na anapotua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, kwa hiyo ni vigumu kumchanganya na nzi wa nyumbani.

Siku hizi, maandishi yanapotaja mdudu nisiye na hakika naye, natafuta kwanza jina lake la kisayansi, kisha picha yake akiwa ametua. Ikiwezekana, humtia mdudu mwenyewe ndani ya kiberiti kitupu nikampelekea mzee yule, nami humuuliza mambo matatu tu: anaitwaje hapa, anakula nini, na je, analiwa?