Hayo ni kama mapunye, si mba

Dada, umesema mwanao wa miaka 6 anajikuna kichwa usiku kucha, unampaka krimu ukidhani ni mba, na nywele zimekatika kwa mabaka ya duara yenye magamba: mimi nawaza mapunye kwanza. Ni fangasi, na huingia hadi ndani ya unywele, ndiyo maana ile krimu unayompaka haimalizi kitu. Anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, kipimo kikifuata uzito wake. Mpeleke zahanati. Wakague na wadogo zake, na ile mashine ya kinyozi pia (wengi huyapatia hapo). Baka lingekuwa laini tupu, bila muwasho, ningeshuku kinga ya mwili inashambulia nywele. Nywele zikinyofoka kwenye paji tu, basi huenda ni misuko ya kubana.