Usonji kwenye usaili: aseme anachohitaji kwanza, jina la hali lifuate baadaye

Mleta mada, nimelisoma swali lako kwa makini kwa sababu linanigusa. Umesema mdogo wako ana miaka 24, amemaliza chuo, amefanyiwa tathmini na kuambiwa ana usonji (autism, hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na anavyopokea sauti na mazingira), na sasa ameitwa usaili kwenye kampuni binafsi hapa Dar kwa nafasi ya uchambuzi wa data. Mama anataka afiche kabisa. Wewe unaona aseme tangu anaingia mlangoni, asije akaonekana mdanganyifu baadaye.

Mimi ni mhasibu na nina usonji. Niligundulika ukubwani, nikiwa kazini tayari, kwa hiyo nimekaa mbele ya majopo kabla ya kujua na baada ya kujua. Ushauri wangu ni huu: asifiche anachohitaji ili ajibu vizuri, ila jina la hali yake abaki nalo mwenyewe mpaka ashike barua ya ajira.

Kuna usaili mmoja ambao nililitaja jina hilo. Kampuni yenyewe siitaji. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mstaarabu, akaniuliza kwa upole, "Lakini usonji si wa watoto, mwanangu?" Aliyekaa kushoto kwake akataka kujua kama huwa naanguka. Wa tatu akauliza kama nitaweza kukaa chumba kimoja na wenzangu bila matatizo. Sidhani kama kuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini maswali ya kodi ya zuio, na ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ambayo ndiyo kazi ninayoijua, hayakuulizwa tena. Muda ukaisha nikiwa naelezea maisha yangu ya utotoni. Sikupigiwa simu.

Wakuu, tuelewane hapa. Watanzania wengi wameujua usonji kupitia mtoto: mtoto wa jirani aliyechelewa kuongea, kitengo maalumu katika shule ya msingi, au habari za tarehe 2 Aprili kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Mtu mzima mwenye shahada anayejibu maswali hawana mahali pa kumweka kichwani. Wapo watakaofikiri anatafuta huruma, wapo watakaofikiri hali yake ni mbaya kuliko inavyoonekana. Dakika ishirini za usaili hazitoshi kuwafundisha watu watano jambo ambalo familia zetu wenyewe zinachukua miaka kulielewa. Na siyo kazi ya mdogo wako kuwafundisha siku ile. Siku ile ni ya kuonyesha anachokijua.

Sasa, kinachotuangusha kwenye usaili mara nyingi ni namna maswali yanavyoulizwa. Mtu anakwambia "Tueleze kuhusu wewe", na wewe hujui uanzie wapi, kuzaliwa au shule au kazi ya mwisho. Au swali moja linabeba maswali matatu ndani yake, na unapomaliza la kwanza mengine yameshapotea. Ongeza feni inayogonga, genereta nje ya dirisha, na wanajopo wawili wanaonong'ona wakati wewe unajibu. Halafu kuna suala la macho. Wengi wetu tumelelewa kwamba kumkodolea macho mtu mzima ni utovu wa adabu, na nyumbani hakuna aliyewahi kunisema kwa kutazama chini. Ukifika kwenye usaili, kutazama chini kunageuka kuwa dalili kwamba hujiamini au unaficha jambo. Kwa mwenye usonji hilo linaumiza, maana akilazimisha kumtazama mtu usoni, kusikiliza kunapungua.

Haya yote yanaweza kuombwa bila kutaja hali yoyote. Kwenye usaili uliofuata niliandika barua pepe kwa afisa rasilimali watu siku chache kabla, karibu hivi: "Nashukuru kwa kuniita. Ili nijibu vizuri, naomba maswali yenye sehemu nyingi niyapate pia kwa maandishi, na kama kuna chumba chenye utulivu nitashukuru. Ninapofikiri huwa simtazami mtu usoni, lakini ninakuwa nasikiliza." Nikajibiwa kwa mstari mmoja: sawa, tutakuwekea karatasi. Nilipoingia, maswali yalikuwa yamechapwa yako mezani, na kalamu pembeni. Lilipokuja swali la sehemu tatu nililisoma, nikajibu ya kwanza, nikaweka kidole kwenye ya pili ili nisiipoteze, nikaenda mpaka mwisho. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeomba karatasi. Kazi nikapata.

Baada ya kusaini mkataba ndipo nilipomwambia meneja wangu, faraghani, tena kwa ufupi. Nilimwambia nina usonji, kwamba maagizo ya mdomo ya haraka hunipita, na kwamba nikiandikiwa ninayafuata yote. Aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Nikitaka kukukosoa, nikuambieje?" Nikamjibu, niambie wazi, usinizungushe, kisha niandikie. Mpaka leo anafanya hivyo. Meza yangu ilihamishwa kutoka karibu na mapokezi, basi. Haikugharimu kampuni hata shilingi.

Kuhusu sheria, kwa sababu umeuliza kama anaweza kulindwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kifungu hicho kinamhesabu anayeomba kazi kama mfanyakazi. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba sifa fulani ni hitaji la msingi la kazi yenyewe, ila lazima aweze kulionyesha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na tafsiri yake ya ulemavu haiishii kwenye viungo, inagusa pia sababu za kiakili na za kijamii. Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwa jambo lisilohusu kuachishwa kazi muda ni siku 60. Sheria ipo na ni nzuri. Lakini ukikosa kazi baada ya usaili utaambiwa tu kwamba waombaji walikuwa wengi, na kuthibitisha vinginevyo ni kazi nzito sana. Ndiyo maana nasisitiza wakati wa kusema. Ukiwa na barua ya ajira mkononi, wakikugeuka kuna kitu cha kushika.

Ajira za serikali ni habari nyingine. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yenyewe yanawahamasisha waombaji wenye ulemavu kuomba, na yanawataka waainishe ulemavu walionao kwenye mfumo wa maombi. Hapo naona ajaze, kwa sababu ameulizwa rasmi na mapema, siyo katikati ya maswali. Vilevile kama shirika limeandika wazi kwenye tangazo kwamba linatafuta watu wenye ulemavu, aseme tangu kwenye barua ya maombi. Na kwa ndugu zetu mlioko Uingereza mnaosoma hapa, Sheria ya Usawa ya 2010 kwa kawaida hairuhusu mwajiri kuuliza afya na ulemavu kabla ya kutoa ofa, ila anaruhusiwa kuuliza kama unahitaji marekebisho kwenye usaili wenyewe. Itumieni nafasi hiyo.

Akiulizwa moja kwa moja na jopo kama ana ulemavu, asidanganye. Ajibu kwa sentensi mbili na kuzifunga kwenye kazi: nina usonji, nafanya kazi vizuri nikipewa maagizo ya maandishi, na mradi wangu wa mwisho chuoni niliufanya hivi na hivi. Halafu anyamaze asubiri swali linalofuata. Mkizoea kulifanyia mazoezi jibu hilo nyumbani, litatoka bila kutetemeka.

Mwambie mama kwa heshima kwamba kungoja siyo kuficha. Na wewe kaka mtu, uamuzi uwe wa mdogo wako. Barua pepe aiandike yeye, wewe umsomee tu. Amuulize afisa rasilimali watu watakaomsaili ni wangapi, usaili utachukua muda gani na kama kuna sehemu ya vitendo. Siku moja kabla mwende wote mpaka kwenye jengo lile, aone geti, mapokezi, lifti na kituo cha mwendokasi cha kushukia, ili asubuhi ya usaili kisiwepo kipya zaidi ya maswali. Wakimjibu kuhusu sehemu ya vitendo, kama ni Excel au kitu kingine, andika hapa, nitakusaidieni kuandaa namna ya kuielezea kazi yake hatua kwa hatua.