Kabla ya Kusaini Mkataba wa Raga

Vijana waliocheza raga ya wachezaji 15 nyumbani Kenya huniuliza namna ya kuingia raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, huku kaskazini mwa Uingereza. Niliicheza misimu minne katika klabu ndogo ya Yorkshire baada ya kuhamia huku na familia. (Ukija kwa viza ya mwanafunzi, hairuhusu kulipwa kwa kucheza.)

Pumzi ndiyo itakayokusumbua kwanza. Mtu akishakabwa, hakuna kugombania mpira chini. Anainuka, anausogeza nyuma kwa mguu, nanyi mnaolinda mnarudi mita 10 mbio kisha mnakuja mbele tena. Nyumbani nilisifiwa kwa kupora mpira chini. Huku sifa hiyo haikuwa na kazi. Dakika ya 15 ya mechi yangu ya kwanza nilikuwa nimeinama, mikono magotini. Basi anza sasa: lala, inuka, rudi nyuma mbio, tena na tena, hadi uzoee.

Mazoezi yatakutoa hapo. Kinachoumiza zaidi ni pesa.

Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwa ugomvi wa ujira. Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika Hoteli ya George, Huddersfield, zikajitenga na chama cha raga. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakikosa ujira kila walipoacha kazi kwenda kucheza, na chama kilikataa wafidiwe. Klabu zilizojitenga zikaruhusu fidia ya hadi shilingi 6 kwa siku. Swali la yule mchimba makaa ndilo lako leo: siku ambayo huwezi kufanya kazi, nani atakulipa?

Mimi nililipwa kwa mechi. Tukishinda, donge nono, tukishindwa, kidogo, nisipocheza, sipati kitu. Kipengele cha majeraha sikukisoma. Msimu wa pili ukano wa goti ulikatika, na kazi yangu ya ghalani ilitaka kusimama siku nzima. Mwenzangu katika timu, fundi bomba, alinilipia kodi ya nyumba miezi mitatu. Wema huo sitausahau. Nilipopona nilijiandikisha kusomea ufundi umeme, na ndio unaonilisha hadi leo.

Shida hiyohiyo ya pesa ilinifanya nimdanganye daktari wa timu. Niligongwa kichwa, nikaona ukungu, nikasema niko sawa kwa sababu Jumapili kulikuwa na malipo. Bobbie Goulding, aliyeichezea Uingereza, aligundulika kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 49. Mdogo wangu, ukigongwa kichwa, sema na utoke uwanjani.

Mkataba ukikufikia, anza na ukurasa wa majeraha. Nikiumia mazoezini, mtanilipa wiki ngapi? Mtagharamia upasuaji, au nitasubiri foleni ya hospitali ya serikali? Wakikujibu kwa mdomo, omba waandike kwanza.