Mwanangu Anataka Kupandikiza Mikono

SWALI: Daktari, kijana wangu anasomea udaktari Bugando, na sasa anasema atapandikiza mikono. Je, kazi hiyo ipo kweli? – Mama B., Igogo, Mwanza

JIBU: Ipo, mama. Septemba 1998, mjini Lyon, Ufaransa, timu ya Profesa Jean-Michel Dubernard, bingwa wa kupandikiza figo, ilimpandikiza mtu mkono wa marehemu. Baadaye mgonjwa huyo aliacha dawa za kuuzuia mwili usiukatae mkono, nao ukaondolewa mwaka 2001. Dawa hizo ni za maisha yote, na hapo ndipo penye kazi kuliko kisu chenyewe.

Hata hivyo, kijana asianzie huko. Akimaliza miaka 5 ya shahada na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, abobee kwanza katika upasuaji wa mifupa, kisha mikono. Mpasuaji samaki wa soko la Mwaloni aliyejikata kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) kwa kisu cha sangara, na sasa kidole hakikunji, anamhitaji zaidi (nami ningeanzia kwake). Ajizoeze kushona mishipa ya damu na ya fahamu chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mshipa wa fahamu huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ukikatikia kiganjani, hupita miezi kadhaa kabla ncha ya kidole haijahisi joto la kikombe cha chai.