Programu yako isome Kiswahili bila intaneti: ushauri kwa anayeanza

Ukipewa kazi ya kuifanya programu ya wavuti isome maandishi kwa sauti, utatamani kuanza kwa kutafuta modeli ya akili bandia inayotengeneza sauti. Usianzie huko. Simu nyingi za Android tayari zina injini ya kusoma ya Google, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Kivinjari kinakupa njia ya kuifikia, inaitwa Web Speech API: unatengeneza SpeechSynthesisUtterance, unaipa maandishi na lugha, unaita speak(), basi. Hakuna seva ya kulipia, na ukichagua sauti iliyo ndani ya kifaa, maandishi ya mteja hayatoki nje. Mimi natengeneza programu za vikundi vya kuweka na kukopa, ambako mwanachama asiyesoma vizuri anataka kusikia salio lake mwenyewe bila kumwomba jirani, na kwetu hilo la pili ndilo lenye uzito. Deni la mtu halina sababu ya kupitia kwenye mashine ya ng'ambo ili litamkwe tu.

Ukiita getVoices(), inayoorodhesha sauti zilizopo, mara ukurasa unapofunguka, mara nyingi utapata orodha tupu. Sauti zipo, ila kivinjari hakijamaliza kuzikusanya. Sikiliza tukio la voiceschanged, kisha uliza tena. Orodha ikishakuja, usichukue tu ya kwanza inayoanza na sw, alama ya Kiswahili. Kila sauti ina sifa ya localService, nayo ndiyo inayokwambia kama sauti inatengenezwa ndani ya kifaa au inaletwa kwa mtandao. Vijana wengi wanajengea kazi yao kwenye kompyuta yenye kivinjari cha Edge, wanamsikia Rehema au Daudi, sauti za Microsoft, akisoma Kiswahili cha Tanzania kwa ufasaha, na papo hapo wanamwambia bosi kazi imekwisha. Sauti hizo zinatoka kwenye seva. Bando likikatika, Rehema naye kanyamaza.

Kuhusu utambulisho wa lugha, tafuta kwanza sw-TZ au sw-KE kulingana na watu wako, kisha ukubali chochote kinachoanza na sw. Kwenye baadhi ya simu za Android kistari cha kati huandikwa kama kistari cha chini, sw_TZ, kwa hiyo badilisha kabla ya kulinganisha. Na kama hakuna sauti ya Kiswahili kabisa, ficha kitufe. Ukikiacha, kivinjari kinaweza kuchukua sauti yoyote iliyopo, na "mchango wako umepokelewa" utasomwa kwa matamshi ya London. Mtu akisikia hivyo mara moja harudi kukibonyeza.

Mengine ni madogo, ila yanauma. Chrome, tangu toleo la 71 la mwaka 2018, haisemi mpaka mtumiaji awe amegusa ukurasa, kwa hiyo salamu ya kujisomea yenyewe ukurasa ukifunguka isahau. Kwenye Android, pause() inakatiza usomaji moja kwa moja sawa na cancel(). Ukitaka kusitisha na kuendelea, kata maandishi sentensi kwa sentensi na ukumbuke umefika ya ngapi. Kukata huko kunakusaidia pia kwenye Chrome ya kompyuta, ambako sauti za mtandaoni za Google zina tabia ya kukatika katikati ya maandishi marefu.

Sasa, lini ulete modeli yako mwenyewe? Pale tu ambapo watumiaji wako wana vifaa visivyo na sauti ya Kiswahili, au unapotaka sauti iwe ileile kwa kila mtu. Nyepesi kuliko zote ni eSpeak NG. Inajua Kiswahili, uzito wake ni MB chache tu, na inajengwa kuwa WebAssembly, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari. Sauti yake ni ya roboti, hilo halifichiki, lakini wasioona wanaotumia NVDA, programu ya kusoma skrini, wameizoea, maana inakuja nayo. Kwa sauti ya kibinadamu zaidi kuna Piper. Sauti yake ya Kiswahili inaitwa sw_CD-lanfrica-medium, na hiyo CD ni Kongo, kwa hiyo msikilizaji wa Tanga au Lamu ataitambua lafudhi si ya kwao. Faili lake lina zaidi ya MB 60. Kokoro inasifiwa kila mahali, na ni nzuri kweli, ila Kiswahili hakimo katika lugha ilizotolewa nazo. Usipoteze wikiendi yako. Meta nao walitoa MMS mwaka 2023, yenye kusoma lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwemo, lakini leseni yake hairuhusu biashara. Soma leseni kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Hata sauti za Piper, kila moja ina faili la MODEL_CARD lenye maelezo yake.

MB 60 kwa mtu anayenunua bando la siku si jambo la kumshtukizia. Muulize, mwonyeshe ukubwa, mpe nafasi ya kusubiri mpaka apate Wi-Fi. Ukishapakua, hifadhi faili ndani ya kivinjari na uombe hifadhi ya kudumu kwa navigator.storage.persist(). Safari, kivinjari cha Apple, ni mkali zaidi: hufuta data iliyowekwa na skripti ya tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku 7 za kutumia kivinjari, isipokuwa programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo. Modeli iendeshe ndani ya Web Worker, yaani kando ya ukurasa wenyewe, vinginevyo vitufe vyote vitaganda sauti ikitengenezwa. Tengeneza sentensi ya kwanza, anza kuipiga, ya pili iandaliwe huku ya kwanza ikisikika. Simu ya bei ndogo ikichelewa kidogo kati ya sentensi, msikilizaji anavumilia. Kimya kirefu kabla ya neno la kwanza hakivumiliki, atabonyeza kitufe mara tano.

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi, na kwa maoni yangu ni nusu ndogo. Kinachoharibu usomaji wa Kiswahili mara nyingi ni maandishi tunayoipa injini.

Chukua idadi. Programu inaandika "wanachama 28" na "mayai 12" na hakuna anayeona kasoro, kwa sababu jicho linajisahihishia. Sauti haijisahihishii. Injini itasema "wanachama ishirini na nane", "mayai kumi na mbili", na bibi anayesikiliza atajua papo hapo kwamba anayesema si Mswahili. Tunasema ishirini na wanane, kumi na mawili. Habari njema ni kwamba kanuni yenyewe ni fupi: ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane tu ndizo zinazofuata ngeli, sita, saba, tisa na makumi hayabadiliki. Andika kitendakazi kinachopokea namba pamoja na ngeli ya nomino, kirudishe maneno. Usijaribu kukisia ngeli kutoka kwenye neno. Wewe ndiye uliyeandika kiolezo cha sentensi, ngeli unaijua tayari.

Fedha zina mtego wake. "Elfu kumi na tano" ni 15,000 au ni 10,005? Kwenye mazungumzo tunaelewana kwa muktadha, ila kwenye salio la mkopo hiyo ni kesi. Mimi 15,000 naiandika "kumi na tano elfu", na 10,005 naiwekea mkato, "elfu kumi, na tano", ili sauti ipumue hapo. Kuanzia 100,000 tumia laki kama watu wanavyosema kwa Tanzania. Kenya waulize wateja wako kwanza. Ile "/=" ya mwisho iondoe, na "Sh" igeuze kuwa shilingi na uitangulize.

Saa nayo. Hifadhidata inasema 14:30, msikilizaji anataka saa nane na nusu mchana. Kutoa sita ni rahisi. Ugumu uko pale ambapo katibu ameandika kwa mkono "kikao saa 2:30", ambayo tayari ni saa ya Kiswahili. Ukiipitisha kwenye kitendakazi kilekile, umewaita watu saa nane na nusu usiku. Geuza saa zinazotoka kwenye hifadhidata tu; za mkono ziache zilivyo, tarakimu tu uziweke kwa maneno.

Kuna na ile alama ya ng'. Kibodi nyingi za simu huweka alama iliyojipinda badala ya iliyonyooka, wengine hutumia ile inayoegemea nyuma (`). Modeli zinazosoma herufi kwa herufi huidondosha kimyakimya alama isiyo kwenye orodha yao, na ng'ombe anatoka na g ya ngoma. Zigeuze zote ziwe aina moja kabla ya chochote. Namba za simu zisomwe tarakimu moja moja, zikigawanywa kwa mikato, la sivyo utasikia mamilioni.

Weka ukurasa wa majaribio wenye sentensi za aina hii zote, na kila ukibadilisha kitu, mpe simu mtu ambaye hakuandika maandishi hayo, asikilize bila kutazama skrini, kisha akwambie amesikia nini. Akitaja kiasi tofauti na kilichoandikwa, irekebishe sentensi kwanza, sauti baadaye. Na kasi yako ya kuanzia iwe 0.9 (1 ndiyo ya kawaida), pamoja na kitufe kikubwa cha kurudia. Hicho cha kurudia ndicho kinachobonyezwa kuliko vyote kwenye programu yetu.