Kwanza muulize kuhusu kiungulia

Pole kwa mzigo. Umeuliza umsaidieje kakako wa Nakuru anayetaka upasuaji wa kupunguza uzito, ila anasita kati ya kukatwa mfuko wa tumbo na kufanyiwa baipasi (tumbo hufanywa kijifuko kidogo, chakula kikaruka sehemu ya utumbo). Je, ana kiungulia? Kwa dadangu hapa Kisumu hilo ndilo lililoamua. Kukata huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko, haurudi tena, na kiungulia kinaweza kuzidi. Baipasi mara nyingi hukituliza, tena humfaa zaidi mwenye kisukari cha aina ya 2, ila vitamini ni za maisha na dawa ya maumivu ya ibuprofen aiage kabisa, huleta vidonda. (Akibugia soda, atatoka jasho na kukimbilia chooni.)

Nenda naye kliniki uandike majibu ya daktari, yeye atasahau nusu. Halafu nyamaza. Mimi nilijifanya daktari nikanuniwa wiki mbili.

Kazi yenyewe huanza akirudi nyumbani. Dadangu alikunywa supu ya samaki iliyochujwa kwa kijiko cha chai, kikombe kimoja nusu saa nzima, na shangazi zetu wakaja na sufuria ya ugali eti amekonda mno. Niliwapokea mlangoni, sufuria ikaishia kwa jirani.